Mama Alikwenda Kulirudisha Neno Lake

Msambweni,
23 Mei 1998.

Kwa ndugu yangu Swabir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba joto la Dubai, ambalo najua mwezi huu linaanza kukaza, halijakuzidi nguvu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, analala kidogo na anasali sana. Dada yetu Twaiba hajambo, na wanawe hawajambo. Mvua bado zinanyesha. Ile barabara ya kwenda Gazi iliyokatika wakati wa mvua kubwa za mwisho wa mwaka imetiwa changarawe, na magari yanapita kwa taabu. Hoteli yetu ya Diani haijafunguliwa tangu watalii watoroke mwaka jana. Wamebaki walinzi wawili tu, na mbega wanaolala juu ya mapaa ya vyumba nilivyokuwa nikitandika.

Nimekutolea habari hizo kwanza kwa sababu ndivyo alivyotufunza marehemu baba, kwamba barua haianzi kwa ugomvi. Sasa nimekwisha kusalimu, na nataka ujue kwamba nakuandikia nikiwa na hasira. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana. Ya kwanza Twaiba aliisoma, akaniambia kuwa maneno yale hayaandikwi na mtu aliyetoka kuhiji juzi. Hii ya nne nimeipunguza ukali, lakini sikuumaliza. Keti uisome mpaka mwisho, usiikunje njiani ukaitia mfukoni.

Kwanza niutaje wema wako, usije ukasema nimeusahau. Wewe ndiye uliyelipa Hija ya mama, na ukanilipia na mimi ili asafiri na mahram wake, mwanamume wa damu yake wa kumsimamia. Miaka sita umesukuma mizigo ya watu katika uwanja wa ndege wa ugenini, na katika jasho hilo ukaweka akiba ukamtimizia mama jambo ambalo baba aliliota akafa hajaliona. Siku barua yako ilipofika, mama alilia mpaka wali ukaungua jikoni. Na kule Makka, Swabir, laiti ungemwona. Lile goti lake linalomsumbua toka zamani hakulitaja hata siku moja. Siku ya kuondoka aliniambia kwamba anajihisi kama mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, na kwamba kazi iliyobaki ni ndogo lakini ni ngumu, ni kuchunga asichafue alichosafishiwa.

Kisha tukapita kwako Dubai.

Ulikuja kutupokea mle ndani kwenye ukumbi wa abiria wanaobadilisha ndege, umevaa ile kadi yako ya kazi shingoni, na mama alikuona umenenepa akafurahi. Ukatutembeza katika yale maduka yasiyotozwa ushuru, taa zinawaka kama nyumba ya harusi, manukato huku, dhahabu kule, na wauzaji wanakuita kwa jina. Ukatueleza kwamba humo ndani serikali haina mkono, kwamba mashine inayouzwa kwa bei ya kuvunja mgongo Nairobi, humo hununuliwa kwa bei ya kucheka. Ukatuonyesha zile kompyuta mbili za kukunja, nyeusi, nyembamba kama mikoba ya mawakili, ulizokwisha kuzilipia.

Mimi nakumbuka kila ulichokifanya baada ya hapo. Ulizitoa katika maboksi yake, ukayatupa maboksi katika pipa la taka. Moja ukaitia katika begi langu. Ya pili ukaitia katika begi la mama, na ulipoona itagongana na vidumu vya maji ya Zamzam ukaivingirisha katika kitambaa cheupe kilichokuwa juu. Hukuuliza kitambaa gani. Ilikuwa ni sanda yake, Swabir. Sanda aliyoinunua mwenyewe Makka, akaifua kwa Zamzam, akaianika juu ya paa la nyumba tuliyofikia, akakaa juani kuilinda isipeperushwe. Kitambaa atakachozikwa nacho mama yako ukakifanya karatasi ya kufungia bidhaa.

Ukasema kwamba kila abiria ana haki ya kuingia na chombo chake kimoja cha kutumia. Ukasema pia, huku unacheka, kwamba hakuna mtu wa forodha mwenye uso wa kumpekua bibi kizee anayetoka Makka. Mama alipokuuliza vitu hivyo ni vya nani, ulimwambia kwamba ni zawadi yako kwa madrasa ya Maalim Kassim Chome, watoto wajifunze mambo ya kisasa. Alizitazama zile herufi za kubonyeza, na kwa kuwa zilinunuliwa huko zilikuwa na herufi za Kiarabu ubavuni mwa zile za Kizungu. Alisoma alifu, akasoma be, akaridhika. Akakubusu kipaji cha uso mbele ya watu wote.

Sasa nikuhadithie yaliyotukuta Mombasa, maana katika barua zako mbili ulizoniandikia tangu hapo unauliza juu ya mzigo tu.

Pale kwenye meza ya forodha tulimkuta afisa mmoja wa bara, mtu mzima, jina lake limeandikwa kifuani, Wafula. Alipomwona mama na buibui lake na ule uchovu wa safari, alisimama akamwamkia shikamoo. Akafungua zipu ya begi, akaona kitambaa cheupe, akauliza ni nini. Mama akamjibu kwamba ni sanda yake. Yule bwana akautoa mkono wake haraka kama aliyegusa moto. Lakini ule mkono ulikuwa umeshagusa kitu kigumu ndani, na kazi yake ni kuuliza, akauliza.

Akamwambia, "Mama, sanda yako siifungui. Wewe unatoka nyumba ya Mungu. Niambie tu hiki kigumu ni nini, na ni cha nani, nami nitaamini."

Mama alinitazama kidogo, kisha akasema ni kompyuta, na ni yake. Akaulizwa kama ni ya kutumia au ya kuuza. Akasema ni ya kutumia. Bwana Wafula akapiga alama ya chaki juu ya begi, hakutazama tena. Halafu akainama, akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Mkristo, lakini ana binti amelazwa hospitali kule kwao wiki ya pili, na kama mama hataona vibaya, amwombee. Mama akamwitikia kwa kichwa. Mimi nilipita nyuma yake na begi langu, nikasema kama alivyosema, sikusumbuliwa.

Nyumbani tulipokewa kwa dufu. Mzee Boga alichinja mbuzi, na watu walijaa uani mpaka barazani kwa jirani. Unajua imani ya watu wetu, kwamba dua ya aliyetoka kuhiji haina pazia siku zile za mwanzo. Walikuja wenye wagonjwa, walikuja wasio na watoto, walikuja waliopoteza kazi za hoteli kama mimi. Mama alimwombea kila mmoja, na kila mmoja akamwita Hajjati, na yeye akicheka kama bibi harusi. Na mbele ya watu hao hao akamwambia Maalim Kassim kwamba mwanawe wa Dubai amewakumbuka watoto wa madrasa. Maalim alitokwa na machozi. Ijumaa akatangaza msikitini. Watoto wakafagia kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea majamvi, wakapaka chokaa, na seremala akagonga meza bila kudai ujira.

Jumapili akaja Maxwell.

Huenda ulidhani angekuja kimyakimya. Alikuja na gari la mizigo, akalisimamisha mlangoni, na kwa sauti yake ile ya Ukunda akauliza mashine zake ziko wapi. Mama alikuwa ameketi na wanawake wanane. Akamwambia huenda amekosea nyumba. Maxwell akasema, "Zii, mathe, sijakosea. Ni hizo laptopu za Dubai. Mimi na Swabir tulishaongea, hata nilishatoa kitu kidogo. Wateja wananingoja."

Mama hakupandisha sauti. Akaniagiza nizilete. Nikazileta. Maxwell akafungua moja pale pale juu ya mkeka, akaziona zile herufi za Kiarabu, uso ukamharibika. Akasema mteja gani atakayetaka hivi, akasema lazima bei ishuke. Akageuza, akatafuta karatasi ya dhamana, akaisoma, akasema hata dhamana yenyewe ni ya huko huko, ikiharibika ni lazima irudi ilikonunuliwa. Alikuwa akibishana bei, Swabir, mbele ya mama, na wale wanawake wanane wanatazama chini. Katika yote hayo hapakutajwa madrasa.

Alipomaliza, mama alimwomba ayarudie maneno yake tangu mwanzo, kwa Kiswahili cha polepole. Akayarudia. Ndipo mama akazifunga zile mashine mwenyewe, akaziweka mapajani, akamwambia, "Mwanangu, hizi haziondoki. Mimi nimeiambia serikali kuwa ni zangu."

Maxwell alirudi mara tatu baada ya hapo, na mara zote alizikuta chini ya kitanda cha mama, na mama juu ya kitanda.

Nakwambia mambo yaliyofuata kwa sababu hukuwapo, na nataka yakukae. Mama alikwenda kwa Maalim Kassim akamweleza kwamba ile zawadi haikuwa zawadi. Maalim alimjibu kwa heshima, lakini ile meza ipo mpaka leo katika chumba chenye chokaa, na watoto wanauliza. Kisha mama akaifua tena ile sanda, kwa maji ya kisima. Twaiba alimwuliza kwa nini anafua kitu safi, akasema Zamzam imeshatoka. Watu wakija kuomba dua, anawaambia goti linamuuma. Mtu akimwita Hajjati, haitikii. Alikuja mama mmoja kutoka Majoreni, amembeba mtoto mwenye homa, amepanda gari tangu alfajiri na matope yale. Mama alimpa chai, akampa kanga ya kumfunika mtoto, lakini dua hakumwombea. Alimwambia aende kwa mtu msafi. Yule mwanamke alidhani ananyimwa kwa dharau, akaondoka analia, na mama akabaki mlangoni anamwangalia mpaka akapotea. Usiku ule nilimsikia akimwambia Mungu kwamba hana ulimi wa kumwombea hata binti wa Wafula.

Nikiyakumbuka hayo, na nikikumbuka ulivyocheka ulipokuwa ukivingirisha ile sanda, nakuuliza. Ulikuwa na wabeba mizigo wangapi wa kuchagua? Ndege ngapi zinapita hapo kwa siku, zimejaa wafanyabiashara ambao kusema uongo mbele ya forodha kwao ni kama kupiga chafya? Ukamchagua mama, tena siku ambayo alikuwa hana dhambi. Ulimpeleka Makka kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ukamgeuza kuli. Na ulichookoa ni nini? Nilipita dukani Mombasa nikauliza bei ya mashine ya namna ile, iliyolipiwa ushuru, yenye herufi tunazozijua na fundi wa kuitengeneza barabara ya pili. Tofauti ni ndogo kuliko unavyofikiri. Huo ndio unafuu wako.

Siku ya kumi na mbili, Jumanne, mama aliamka akaoga, akavaa buibui lake jipya, akaniambia nimpeleke uwanja wa ndege. Nilimwuliza anakwenda kufanya nini. Akasema anakwenda kulirudisha neno lake. Nikamwambia watamfunga. Akasema kama ni kufungwa afungwe, huko nako kuna kibla. Begi lenye zile mashine mbili alilibeba mwenyewe. Kila nilipolishika alilivuta kwake, hata kwenye ule mteremko wa feri ambapo watu wanasukumana.

Tulifika wakati wa adhuhuri. Bwana Wafula alikuwa zamu ya jioni. Maafisa wengine walituuliza shida yetu, mmoja akajitolea kutusaidia, lakini mama akasema shida yake ni na mtu mmoja tu. Tukaketi kwenye benchi. Alipoingia, alimtambua mama papo hapo. Uso ukamchangamka, akaja na shikamoo yake, na kabla mama hajasema neno alimwambia kwamba binti yake ametoka hospitali, na kwamba anajua ni dua ya mama.

Unaweza kufikiri jinsi mama alivyojisikia. Alimwambia asimshukuru, kwa sababu yeye hakuomba. Akalifungua lile begi mezani, akamweleza kwamba kompyuta si yake na haijawahi kuwa yake, na kwamba ziliingia mbili, zote za kuuzwa, na kwamba alimwambia uongo siku ile uso kwa uso.

Mimi nilitarajia kwamba yule bwana atacheka, au atamwambia mama ajiendee zake. Hakufanya hivyo. Alikasirika. Alikasirika kwa namna ya mtu mpole, ambayo ni mbaya zaidi. Alituketisha katika chumba kidogo, akafunga mlango, akamwambia, "Mama, ningefungua mzigo wako siku ile, leo nisingekuwa na la kujieleza kwa mkubwa wangu. Nilikuheshimu. Sasa kesho akija mama mwingine kutoka Makka, nitampekua mpaka soli za viatu, na yeye hatajua kosa lake ni nini."

Mama akamwambia, "Ni haki yako. Akikuuliza, mwambie ni mimi."

Tukapelekwa kwa mkubwa wake. Karatasi zikajazwa, mashine zikapekuliwa, zikapigwa bei. Ushuru wake pamoja na faini ni zaidi ya yote uliyotaraji kupata kwa Maxwell. Zimewekwa ghalani. Zisipolipiwa mpaka mwisho wa Juni, serikali itaziuza mnadani. Bwana Wafula naye aliandikishwa maelezo yake kwa mkono wake, kurasa mbili, na sijui yatamfikisha wapi. Alipomaliza hakutuaga. Mama alimwambia kwamba sasa atamwombea yeye na binti yake, kama bado anataka. Yeye alitufungulia mlango, akaushikilia mpaka tukapita.

Mpaka hapa, Swabir, ukiisoma barua hii utaona kwamba mwenye makosa ni mmoja. Ndivyo nilivyoiandika zile mara tatu nilizoichana, na Twaiba alidhani niliichana kwa sababu ya ukali. Sikuichana kwa ukali.

Nimekuandikia huko juu kwamba mama alinitazama kidogo, kisha akasema kompyuta ni yake. Lililopita katikati sikuliandika. Bwana Wafula alipouliza, mama alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu, watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Mimi nikajibu kwa niaba yake, nikasema ya mama hiyo. Afisa akaniambia hakuniuliza mimi, anataka kusikia kwa mama mwenyewe. Ndipo mama akanitazama. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama baba yetu mlangoni wakati wa kuamuliwa jambo zito, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa mahram wake, mimi ndiye aliyekuwa akiniuliza njia kila mahali tangu tuliposhuka Jedda. Nami nikamwambia kwa Kidigo, haraka, kwamba aseme ni yake tuende zetu, kuna nini. Akasema.

Na wala sikusema hivyo kwa sababu niliamini hadithi ya madrasa. Wewe unajua, lakini mama na Twaiba walikuwa hawajui. Maxwell nilimtafuta mimi. Wewe uliniandikia mwezi wa Januari kuuliza kama yuko mtu wa kununua vitu hivyo, na mimi ndiye niliyekwenda Ukunda nikamleta katika biashara hii. Ile amana ya mwanzo aliyoitoa, aliyoiita kitu kidogo, niliipokea mimi, na ndiyo niliyoacha nyumbani ya kula watoto tulipokwenda Hija. Tangu hoteli ifungwe sikuwa nimeleta hata kibaba cha unga, na nilichoka kuonekana. Pale Dubai, mama alipokubusu kwa ile zawadi ya watoto, mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, nimeshika vidumu vya maji, na nilijua. Nilikutazama wewe ukanitazama. Lile boksi la pili, ni mimi niliyelitupa.

Katika kile chumba cha uwanja wa ndege, Bwana Wafula alimwuliza mama ni nani aliyemtuma aseme vile. Aliuliza huku ananitazama mimi, kwa kuwa si mjinga. Nami nilikaa kimya. Mimi mtu mzima wa miaka thelathini na nane, ninayeitwa Haji njia nzima ya Msambweni, nilikaa kimya nikatazama kalenda ukutani, nikimngojea mama. Mama akamjibu kwamba hakutumwa na mtu.

Tulipokuwa tunarudi nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia yote, tangu Januari. Hakushtuka. Alisema kwamba ya Maxwell hakuyajua, na yanamuuma, lakini ya pale mezani anayajua kuliko mimi. Akaniambia, "Nilikusikia, Abdurahman, sikuwa kiziwi. Lakini ulimi ulikuwa wangu." Kisha akaniagiza nikuandikie, na akanionya nisiandike yako peke yake. Ndiyo sababu nimechana barua tatu. Zote zilikuwa na yako peke yake, na zilikuwa nzuri sana kusoma.

Hasira zangu kwako hazijaisha, usidhani nimekuandikia haya ili tuwe sare. Ile sanda uliivingirisha wewe. Ila sasa unajua kwa nini hasira zangu ni nyingi hivi, ni kwa sababu ziko za watu wawili.

Maxwell nimemrudishia chake. Nimeuza baiskeli, na kilichopungua nakimaliza kwa kusuka makuti kwa Mzee Boga. Kwa Maalim Kassim nimekwenda mwenyewe nikamweleza sehemu yangu. Mama alianza kutoka nje wiki iliyopita. Kwanza alimtaka Twaiba amfuate Majoreni wakamtafute yule mwanamke mwenye mtoto, lakini hawakumpata. Waliambiwa ameolewa upande wa Vanga na amekwisha rudi kwa mumewe, na hakuna aliyejua habari za mtoto. Mama amerudi na hilo nalo. Hajjati bado haitikii. Watu wameanza kuzoea kumwita Bi Mejumaa kama zamani.

Ukitaka kuzilipia zile mashine, karatasi zake ziko kabatini, nitakutumia. Lakini katika nyumba hii hazitaingia, wala usimpe abiria yeyote wa kutuletea kitu, hata kama ni sabuni. Nilimwuliza mama kama ana la kukuambia. Alifikiri sana. Nilitaraji atakulaumu, na kusema kweli nilikuwa nimeshika kalamu kwa hamu. Akasema nikuandikie kwamba miaka sita ni mingi, na kwamba ukipata ruhusa uje, lakini uje na nguo ulizozivaa tu, mikono mitupu, upite mbele ya Bwana Wafula huna cha kuulizwa. Amesema atakuja mwenyewe kukungoja nje ya kile kizuizi.

Twaiba anakusalimu sana, na wanawe wanamwamkia mjomba wao. Mzee Boga anakusalimu. Maalim Kassim nilipomwambia kuwa nakuandikia, alisema na yeye nimtie katika salamu, basi nimemtia. Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, na atusamehe sote wawili.

Ni mimi kaka yako,
Abdurahman Shutu.